Kwa mnaoanza kutafiti magonjwa yanayochakaza ubongo

Wadogo zangu mnaoingia maabara mwaka huu, wengi wenu mmefika mkiwa mmeshamchagua adui. Mmoja amesoma kuhusu amiloidi, protini inayojikusanya kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, na anataka kuiondoa kwenye ubongo wa panya. Mwingine ana mmea wa kijijini kwao ambao bibi zake waliutumia, anataka kuthibitisha kwamba unazuia usahaulifu. Ari hiyo naipenda, na sitaki mtu aizime. Ila kuna swali moja ambalo nataka liwakae kichwani kabla hamjagusa pipeti: hiki ninachokiona kwenye seli inayokufa, kilitangulia kifo au kilifuata? Karibu kila kosa kubwa katika fani yetu limetokana na mtu kuliruka swali hilo.

Swali lenyewe lina umri sawa na ugonjwa wa Alzheimer, ule unaomnyang'anya mtu kumbukumbu. Novemba 1906, mjini Tübingen, Alois Alzheimer aliwaeleza madaktari wenzake juu ya ubongo wa mgonjwa aliyekutana naye Frankfurt mwaka 1901, Auguste Deter. Alipoupaka ubongo ule rangi ya madini ya fedha aliona vitu viwili: mabaka nje ya seli, na vifundo vya nyuzi ndani ya seli. Hadubini ilimwonyesha vilipo. Haikuweza kumwambia vimefanya nini. Ilichukua hadi 1984 kwa protini ya mabaka, yaani amiloidi beta, kutengwa na kusomwa, na muda mfupi baadaye ikajulikana kwamba vifundo vimetengenezwa kwa protini iitwayo tau.

Kilichoifanya amiloidi kuwa mshukiwa wa kwanza ni urithi. Mwaka 1991 familia ambazo ugonjwa huu huwapata watu mapema zilikutwa na kasoro kwenye jeni ya APP, inayotengeneza protini ambayo amiloidi hukatwa kutoka kwake. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya 21, na ndiyo sababu watu wenye hali ya Down, walio na kromosomu tatu za aina hiyo, huwa na mabaka haya wakifika umri wa miaka 40 hivi. Uone nguvu ya hoja hii: mtu huzaliwa na jeni yake. Kasoro ya jeni haiwezi kuletwa na ugonjwa utakaoanza miaka arobaini baadaye. Hapo, kwa mara ya kwanza, tulipata kitu ambacho kwa hakika kilitangulia.

Lakini msisimame hapo. Wapo wazee waliokufa na akili zao timamu, ubongo ukakutwa umejaa mabaka. Ukitaka kukisia mgonjwa amepoteza kumbukumbu kiasi gani, ueneaji wa tau hukupa jibu zuri kuliko wingi wa amiloidi. Na dawa ya lecanemab, ambayo Marekani iliipa kibali kamili mwaka 2023, huondoa amiloidi vizuri kabisa, ila katika jaribio lake la miezi 18 ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27 tu ikilinganishwa na dawa bandia. Haikusimamisha. Kwangu matokeo hayo yanasema mambo mawili kwa pamoja: amiloidi kweli ni sehemu ya mnyororo, na dalili zinapoonekana, kuna pete nyingine za mnyororo huo ambazo tayari zinajiendesha zenyewe. Kazi ya watafiti wa seli ni kuzitafuta pete hizo.

Mtagundua upesi kwamba magonjwa haya yanafanana kwa sura. Parkinson ina alfa-sinukleini, Huntington ina huntingtini, ugonjwa wa neva za misuli uitwao ALS mara nyingi una TDP-43. Kila mahali protini iliyokunjika vibaya inajikusanya, na seli inashindwa kuisafisha. Wanafunzi huishia hapo na kuandika kwamba "mkusanyiko wa protini huua nyuroni", yaani seli za neva. Mimi huwauliza: mbona hauui nyuroni zote? Huntingtini iko karibu kila seli ya mwili, lakini seli za striatamu, sehemu iliyo ndani ya ubongo, ndizo hufa kwanza. Alfa-sinukleini imeenea ubongo mzima, lakini Parkinson huanza kumnyima mtu mwendo pale nyuroni za dopamini za substantia nigra, eneo dogo la ubongo wa kati, zinapopungua. Kuna kitu ndani ya seli hizo: labda matawi yake marefu mno yanayohitaji nishati nyingi, labda kalsiamu inayoingia na kutoka bila kupumzika, labda mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zilizochoka. Jeni mbili, PINK1 na parkin, ambazo kasoro zake huleta Parkinson kwa vijana, kazi yake ni kuziwekea alama mitokondria mbovu ili zitupwe. Kwangu hilo ndilo eneo tamu kuliko yote katika fani yetu, na halihitaji mashine ya mabilioni ili mtu alifanyie kazi.

Msisahau pia seli zisizo nyuroni. Mwaka 2013 kasoro za jeni TREM2 zilihusishwa na Alzheimer, na jeni hiyo hufanya kazi kwenye mikroglia, walinzi wa ubongo. Sisi Uganda tuna mfano mwingine ulio karibu zaidi. Virusi vya UKIMWI haviingii ndani ya nyuroni. Vinakaa kwenye mikroglia na seli za aina hiyo, na bado nyuroni ndizo zinazoumia. Anayetaka kuelewa jinsi jirani mgonjwa anavyomwangusha mwenzake hana haja ya kwenda mbali.

Sasa nizungumzie kazi ya mikono, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea.

Kwanza, panya na skopolamini. Tasnifu nyingi za vyuo vyetu vya Afrika Mashariki zina panya waliochomwa dawa hii, wakasahau njia ya kutoka kwenye kisanduku, kisha wakapewa maji ya majani fulani na kukumbuka tena. Hitimisho linasema majani yanatibu Alzheimer. Skopolamini huziba vipokezi vya asetilikolini, kemikali ambayo nyuroni hutumia kupelekeana ujumbe, kwa saa chache. Hakuna amiloidi iliyojikusanya, hakuna tau, seli hazijachakaa. Panya amezibwa, kisha amezibuliwa. Ni jaribio halali la kumbukumbu, lakini msiliite jaribio la ugonjwa unaochakaza ubongo, hata kama walioandika kabla yenu wameliita hivyo.

Pili, nzi wa matunda. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu naamini ndiye mnyama anayetufaa zaidi, na siyo kwa sababu ya umaskini peke yake. Mafunzo ya kumtumia nzi huyu katika elimu ya neva yalifika Ishaka, wilaya ya Bushenyi, mwanzoni mwa miaka ya 2010 kupitia shirika la TReND in Africa na Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, na tangu hapo utaalamu umesambaa hadi nchi nyingine za bara letu. Chakula chake ni unga wa mahindi, hamira, sukari na agari, vitu ambavyo karibu vyote vinapatikana sokoni. Kutoka yai hadi nzi kamili ni siku kumi hivi kwenye joto la nyuzi 25, na anaishi miezi miwili au mitatu. Maana yake ni kwamba unaweza kuutazama uzee mzima, kuanzia ujana hadi kifo, ndani ya muhula mmoja. Panya angekudai miaka miwili.

Tena nzi anakuruhusu kuuliza lile swali letu la kipi kilitangulia. Kwa mfumo wa GAL4 na UAS, uliotangazwa mwaka 1993, unamchukua nzi mmoja mwenye swichi, yaani GAL4, inayowaka kwenye nyuroni tu, unamzalisha na mwingine mwenye jeni ya amiloidi ya binadamu inayosubiri swichi hiyo, na watoto wao wanatengeneza amiloidi kwenye nyuroni zao. Wewe ndiwe uliyeileta amiloidi. Kinachofuata kimefuata kweli.

Ila mfumo huu una masharti, na hapa maabara zetu zina shida zake. GAL4 husikiliza joto: kwenye nyuzi 18 inafanya kazi kidogo, 25 zaidi, 29 zaidi tena. Umeme ukikatika usiku na jenereta isiwake, inkubeta yako, kabati la kutunzia joto, inapoa, na nzi wanatengeneza amiloidi pungufu. Nyanda za magharibi usiku hupoa sana. Mwisho wa wiki utaona kundi fulani limepanda ukuta wa kichupa vizuri (jaribio hilo nalieleza hapa chini) na utasema dawa imefanya kazi, kumbe kundi hilo lilikuwa rafu ya chini iliyopoa zaidi. Kwa hiyo weka kipimajoto chenye kumbukumbu ndani ya inkubeta, andika usomaji wake kila asubuhi, changanya makundi yote kwenye kila rafu, na usiku uliokuwa na giza la kukatika umeme uandikwe kwenye daftari la maabara kama unavyoandika dozi. Maabara isiyo na umeme wa kuaminika inaweza kutoa sayansi ya kuaminika, mradi giza lenyewe liingizwe kwenye kumbukumbu.

Kukusanya majike ambao hawajapandwa ni kazi ya kuamka mapema. Jike huhifadhi mbegu za dume, kwa hiyo akishapandwa na dume usiyemtaka, watoto wake hawana thamani kwako. Kwenye nyuzi 25 una kama saa nane tangu atoke kwenye pupa. Waliotoka sasa hivi ni weupe na wana doa jeusi tumboni. Jifunzeni kulitambua mpaka macho yazoee. Na fungeni chakula chenu vizuri. Nzi wa porini wa Uganda wanapenda ndizi za maabarani kama wanavyopenda za sokoni, na mmoja akiingia kwenye kichupa chako, ukoo wote umeharibika bila wewe kujua.

Jaribio la kupanda ukuta ni rahisi: unagonga kichupa, nzi wanaanguka chini, unahesabu wangapi wamepita alama, tuseme sentimita 8, ndani ya sekunde 10. Urahisi huo ndio hatari yake. Waliolazwa kwa gesi ya kaboni dioksidi leo wasipimwe leo. Wapeni siku nzima. Pimeni saa ileile kila siku, kwa sababu nzi ana saa yake ya mwili. Madume na majike wasichanganywe. Na anayehesabu asijue kichupa kipi ni cha nani. Mwombe mwenzako abandike namba na kufunga orodha kwenye droo. Hili la mwisho vijana hulikataa, wanaona kama wanashukiwa. Hakuna anayewashuku. Jicho la mtu anayetamani jibu huhesabu kwa huruma.

Sasa kuna mitego miwili ambayo ni wachache wanaoielezwa mapema.

Wa kwanza ni wa wale wenye mimea. Mmea wa mululuza ni mchungu, kila mtu anajua. Ukiuchanganya kwenye chakula cha nzi, wanaweza kula kidogo, na nzi anayekula kidogo mara nyingi huishi zaidi, awe na amiloidi au asiwe nayo. Kwa hiyo changanyeni rangi ya chakula na mpime wamekula kiasi gani. Halafu mmea uleule upewe pia nzi wasio na amiloidi kabisa. Wakiishi zaidi na wao, mmegundua jambo kuhusu lishe au uzee, na linaweza kuwa jambo zuri la kuandika, lakini halihusu Alzheimer.

Mtego wa pili ni wa wale wenye jeni. Unaongeza jeni nyingine kwenye nzi wa amiloidi, nayo pia inasubiri GAL4, na nzi wanapona. Shangwe. Lakini sasa GAL4 ileile inahudumia jeni mbili badala ya moja, na huenda amiloidi imepungua kwa sababu hiyo tu. Dawa yake ni kuwa na kundi la ulinganisho lenye jeni ya pili isiyo na kazi yoyote, kama ile ya protini ya kijani inayong'aa, kisha upime amiloidi yenyewe. Ikiwa kiwango cha amiloidi kimebaki palepale na seli bado zimepona, hapo umepata pete ya mnyororo inayokuja baada ya amiloidi. Ikiwa kimeshuka, umepata kitu kingine. Yote mawili yana faida, lakini ni habari mbili tofauti.

Seli za kwenye sahani nitazipitia haraka. Wengi mtapewa SH-SY5Y. Ni seli za saratani, zilitokana na uvimbe wa mtoto wa miaka minne, na zinaendelea kugawanyika, jambo ambalo nyuroni yako haifanyi. Zifaidini kwa maswali ya ndani ya seli: protini inasafirishwaje, laisosomu, vifuko vya usafi vya seli, zinaisafishaje, mitokondria zinapumuaje. Msiziulize habari za uzee wala za kumbukumbu. Na kabla ya lolote, pimeni mikoplasma. Bakteria hawa hawaonekani kwa hadubini ya kawaida na hawachafui maji, lakini hubadilisha umetaboli wa seli kiasi kwamba kila namba mtakayoipata itakuwa yao.

Kuhusu picha niwaombe jambo moja kwa uzito wote. Mwaka 2006 jarida la Nature lilichapisha makala iliyodai kupata aina maalum ya mkusanyiko wa amiloidi inayoharibu kumbukumbu za panya. Ilirejelewa na watafiti kwa maelfu. Mwaka 2022 mashaka juu ya picha zake yalitangazwa hadharani, na mwaka 2024 ikaondolewa rasmi. Fikirini wanafunzi wangapi duniani walitumia miaka yao ya ujana kujenga juu ya msingi ule. Kwa hiyo: faili ya asili ya kila picha ihifadhiwe kama ilivyotoka kwenye mashine, isifunguliwe kurekebishwa, nakala ndiyo irekebishwe. Westani bloti, yaani picha ya protini zilizotenganishwa kwenye utando, ikatwe kwa ajili ya makala, lakini utando mzima ubaki kwenye kumbukumbu pamoja na tarehe, jina la aliyeuendesha na namba ya toleo la kingamwili. Mkionyeshwa picha nzuri mno, hata kama ni ya msimamizi wenu, ombeni kuona ya asili. Ulizeni kwa adabu: "Mwalimu, naomba nijifunze, faili ya mwanzo iko wapi?" Msimamizi mzuri atafurahi.

Kuna maswali ambayo sisi tuko mahali pazuri kuyajibu kuliko maabara yoyote ya Ulaya, na naumia nikiona wanafunzi wetu wakirudia ya wenzao huku haya yakisubiri. Chukueni ugonjwa wa kutikisa kichwa wa kaskazini, Kitgum, Pader na Lamwo. Ulishika watoto, wakaanza kwa kuinamisha kichwa, wakaishia na kifafa na kudhoofika akili. Mwaka 2018 watafiti waliochunguza ubongo wa vijana waliofariki waliripoti mrundikano wa tau. Tau, kwa vijana! Ugonjwa huu umehusishwa kwa nguvu na minyoo ya onkoserka inayoenezwa na inzi weusi wa mitoni, na tangu 2012, mito ilipowekwa dawa na ivermectin, dawa ya minyoo hiyo, kugawiwa mara mbili kwa mwaka, wagonjwa wapya wamekuwa nadra sana. Sasa rudini kwenye swali letu: tau ile ilianza na kuleta kifafa, au miaka ya kifafa kisichotibiwa ndiyo iliyoirundika? Mwenye kulijibu atakuwa amesema jambo kuhusu Alzheimer pia.

Au chukueni APOE4, jeni iliyojulikana mwaka 1993 kuwa huongeza hatari ya Alzheimer. Uchunguzi uliolinganisha Wayoruba wa Ibadan na Wamarekani Weusi wa Indianapolis, ulioanza miaka ya 1990, uliona kwamba kwa Wayoruba uhusiano huo ni dhaifu. Kuna kitu kwenye jenomu au katika maisha kinachoilegeza. Uganda ina Waganda, Wateso, Waacholi, Wanyankole na wengine wengi wenye asili tofauti, na maswali ya aina hiyo hayajaisha hapa.

Kazi yoyote inayogusa watu hupitia kwanza kamati ya maadili ya chuo au hospitali, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Sampuli ikitoka nje ya nchi inahitaji mkataba wa uhamishaji ulioidhinishwa. Anzeni mapema, msisubiri fedha zifike. Na mkienda kwenye familia, mtu anayeugua ni jajja wa mtu, yaani bibi au babu yake. Salimieni kwanza, kaeni, mkubali chai. Familia nyingi zitauliza kama ni laana au urogi. Msiwacheke na msiwahubirie. Waelezeni kwamba kuna sehemu ya ubongo inayochoka na kwamba si kosa la mtu, kisha waambieni ukweli kwamba damu mnayochukua haitamponya jajja. Wengi hukubali wakishaelezwa hivyo. Wakikataa, ageni kwa heshima ileile mliyoingia nayo.

Vitendanishi, yaani kemikali za majaribio, viagizwe miezi kabla. Kingamwili inayosafiri na barafu kavu ikikwama uwanjani Entebbe wiki moja imekwisha, kwa hiyo karatasi za forodha ziwe tayari kabla mzigo haujapanda ndege, na mtu mmoja awe na simu ya wakala. Ikifika, igaweni kwenye vichupa vidogo siku hiyohiyo, msiigandishe na kuiyeyusha mara kwa mara.

Mkija kwangu kuzungumzia mada, leteni karatasi moja. Chora mnyororo wa ugonjwa uliouchagua kutoka jeni hadi dalili. Kwenye kila mshale andika ni mnyama gani au seli gani ilionyesha kwamba kitu cha kushoto kinaleta cha kulia, na kama mtu amewahi kukiondoa cha kushoto akaona cha kulia kinapotea. Mishale isiyo na maandishi ndiyo tutakayokaa kuijadili.